Maswali Yenu: Nimeumia, Je, Nina Kesi?

Barua za mwezi huu karibu zote zimeingia kwa mlango mmoja. Mtu ameumia, anauliza kama ana dai. Wengi wanatueleza maumivu kurasa mbili, halafu jambo lenyewe wanaligusa kwa mstari mmoja. Poleni sana, lakini hakimu haanzi na maumivu. Anaanza kwa kuuliza ni nani aliyekuwa na wajibu kwako, alifanya nini au aliacha kufanya nini, na kama hicho ndicho kilichokuumiza. Tumejibu kwa sheria za Kenya.

Nilikuwa abiria wa tuktuk nikitoka Maweni kwenda Malindi mjini. Dereva aliingia barabara kuu bila kutazama, pikapu ikatugonga. Nilivunjika mfupa wa paja, nikatiwa chuma. Mwenye tuktuk ananiambia ni kudura ya Mungu, tusameheane. Mwenye pikapu naye asema kosa si lake. Nimshtaki nani?
*Mama wa watoto wawili, Maweni*

Kudura ni kudura, mama, na kusamehe ni kwako wewe uliyeumia. Yeye hawezi kujisamehe kwa niaba yako.

Dai la uzembe lina mafiga matatu na chungu. Figa la kwanza ni wajibu: kila dereva ana wajibu wa kuwa mwangalifu kwa abiria wake na kwa wengine barabarani, na hilo halibishaniwi. La pili ni kukiuka wajibu huo, mathalani kuingia barabara kuu bila kutazama. La tatu ni kiungo: kule kukiuka ndiko kulikokuvunja paja, wala si jambo jingine lililotokea kabla au baadaye. Chungu ni madhara yenyewe. Mafiga yakiwapo bila chungu hakuna kinachopikwa. Ndiyo maana aliyekoswakoswa na lori akabaki na hofu ya siku moja hana dai la kumpeleka mahakamani.

Kwako vyote vinne vinaonekana. Abiria aliyeketi kwa utulivu nyuma ya tuktuk ni nadra kubebeshwa lawama ya ajali. Suala ni wa kumshtaki, na jibu letu ni wote: dereva na mwenye tuktuk, dereva na mwenye pikapu. Waache wao wavutane, mahakama itawagawia kosa kwa asilimia. Ukimchagua mmoja na ushahidi ukaonyesha kosa lote ni la yule uliyemwacha, umerudi nyumbani mikono mitupu, na huenda ukalipishwa gharama za kesi.

Mwenye chombo ni nani? Usimtegemee jirani akwambie. Toa maombi ya rekodi ya umiliki kwa NTSA, mamlaka ya taifa ya usafiri na usalama barabarani, ukiwa na nambari ya usajili. Sheria humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye chombo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tuktuk na pikipiki nyingi za huku zimeuzwa kwa karatasi ya makubaliano tu, bila logbuku kubadilishwa jina, kwa hiyo jina utakalolipata huenda si la mtu unayemwona kila asubuhi stendi. Mshtaki aliyesajiliwa pamoja na anayeitumia.

Bima haishtakiwi moja kwa moja. Unamshtaki mwenye gari, ukishinda bima yake inalipa, kwa kuwa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 405, inamlazimu kila mwenye chombo cha barabarani awe na bima ya kuwalinda wengine. Kuna sharti moja ambalo limewaponza wengi: kampuni ya bima lazima ipewe notisi ya kesi kabla ya kufunguliwa, au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa. Ukiisahau notisi hiyo, unaweza kushika hukumu yenye muhuri na bima ikakataa kuilipa. Na bima hiyo ya lazima ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja; kinachozidi hapo ni deni la mwenye gari mwenyewe.

Sasa karatasi. Hapa ndipo madai mazuri yanapofia, kwa hiyo tutakawia kidogo.

Ya kwanza ni nambari ya OB, yaani tukio liandikwe katika kitabu cha kituo cha polisi. Ya pili ni abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa ajali unaopewa na kituo. Isome ukiwa bado umesimama kaunta: jina lako liwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, uandikwe kuwa abiria, nambari za vyombo vyote viwili ziwe sawa herufi kwa herufi, na jina la bima na nambari ya hati yake viwepo. Herufi moja ikikosewa katika nambari ya gari, mdaiwa atasema gari lake halikuwako siku hiyo. Kurekebisha wiki hiyo hiyo ni kazi ya dakika chache, lakini baada ya miaka miwili askari aliyeandika keshahamishwa Turkana. Ya tatu ni fomu ya P3, fomu ya polisi ya kueleza majeraha, ambayo sehemu yake hujazwa na daktari.

Ya nne watu huidharau, nayo ndiyo nzito kuliko zote: kadi ya matibabu ya siku ya kwanza. Ukifika hospitali ukaulizwa umefanywa na nini ukajibu kwa uchungu tu, "Nimeanguka", muuguzi ataandika umeanguka. Wakili wa upande wa pili ataishika karatasi hiyo mpaka mwisho. Sema waziwazi: ajali ya tuktuk, mahali fulani, saa fulani. Kisha uiweke pamoja na eksrei zilizoandikwa jina na tarehe, karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini, na risiti. Risiti zote, hata za dawa za shilingi 200 na nauli za kwenda kliniki.

Risiti zina kazi yake. Fidia imegawanyika mafungu mawili. Fidia ya jumla ni ya maumivu na ulemavu. Hii mahakama huipima kwa kutazama kesi za nyuma za majeraha yanayofanana. Fidia maalumu ni ya fedha ulizotumia au kupoteza, na kila shilingi lazima iandikwe katika hati ya madai na ithibitishwe. Chuma kilicho pajani mwako huenda siku moja kikahitaji kutolewa. Gharama ya upasuaji huo ujao nayo lazima itajwe katika hati ya madai, na daktari aikadirie kwenye ripoti yake. Isipotajwa, mahakama haitoi, hata kama kila mtu chumbani anaona kovu.

Kuhusu kipato, kama unauza mahamri na huna daftari, leta taarifa ya M-Pesa ya miezi 6 kabla ya ajali na mtu anayekuuzia unga. Ukikosa kabisa, mahakama mara nyingi hurejea kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali, nacho huenda kikawa chini ya ulichokuwa ukipata.

Muda wako ni miaka 3 tangu siku ya ajali, kwa Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22. Kabla ya muda huo kwisha, kesi iwe imefunguliwa na ada imelipwa. Barua ya madai haisimamishi saa, wala mazungumzo na bima, wala ahadi ya "tutakupigia". Kuna njia ya kuomba mahakama iongeze muda, ila ni kwa yule ambaye mambo ya msingi ya dai lake yalikuwa yamejificha asiweze kuyajua. Kutoijua sheria hakuhesabiki.

Nilipanda bodaboda Watamu tukiwa watu wawili nyuma ya dereva, sikuvaa helmeti. Gari likatugonga kwa nyuma, nikavunjika mguu. Rafiki zangu wanasema sina haki kwa kuwa nami nilivunja sheria. Ni kweli?
*Kijana wa Watamu*

Si kweli, ila usishangilie. Dai lako haliondoki kwa sababu ya kosa lako mwenyewe. Linapunguzwa kwa kadiri ya mchango wako. Mahakama ikikadiria fidia shilingi 600,000 na ikaona mchango wako ni asilimia 20, utapata 480,000.

Lakini lazima mchango wenyewe uwe umechangia. Helmeti hailindi mguu. Kama jeraha lote ni la mguu, kutovaa helmeti hakuna uhusiano nalo, na wakili wako aliseme hilo kwa sauti. Mshikaki, yaani kupakiana abiria wawili nyuma ya dereva, ni habari nyingine. Pikipiki inaruhusiwa abiria mmoja tu, na mwenye gari atadai kuwa uzito wa watu watatu uliifanya pikipiki iyumbe. Kwa kuwa mligongwa kwa nyuma, hoja hiyo ina mguu mmoja tu wa kusimamia, lakini jiandae kukatwa kitu.

Mimi ni kibarua wa mjengo. Miezi 8 iliyopita tulikuwa tunatengeneza nyumba ya zamani Lamu, jukwaa likavunjika nikaanguka kutoka ghorofa ya kwanza. Kiwiko hakikunjuki tena sawasawa. Msimamizi alilipa hospitali siku ya kwanza, sasa hashiki simu. Sina mkataba wa maandishi. Nimeambiwa nitafute wakili nifungue kesi ya uzembe.
*Kibarua, Langoni, Lamu*

Ngoja kwanza. Aliyekushauri hivyo anakupeleka mlango usio wako. Mfanyakazi aliyeumia kazini hamshtaki mwajiri wake mahakamani kwa uzembe. Dai lake hupitia Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ile ambayo wengi huiita WIBA. Jambo hili lilibishaniwa miaka mingi, mpaka Mahakama ya Upeo ikaamua Desemba 2019 kwamba sheria hiyo ni halali.

Usilione kuwa hasara. Njia hii haikutaki uthibitishe kosa la mtu. Huna haja ya kuonyesha kwamba kamba za jukwaa zilikuwa zimeoza au mirunda ilikuwa myembamba. Unathibitisha mambo matatu: ulikuwa mfanyakazi wake, ajali ilitokana na kazi na ikatokea ukiwa kazini, na umeumia. Mwajiri akisema hukuvaa kofia ya mjengo, hilo peke yake halikuondolei haki. Kinachoharibu ni utovu wa nidhamu wa makusudi, na hata huo hausimami pale matokeo yakiwa kifo au ulemavu mkubwa.

Kutokuwa na karatasi ya mkataba kusikukoseshe usingizi. Kibarua ni mfanyakazi. Onyesha ujumbe wa M-Pesa wa malipo ya siku, ujumbe wa simu ambao msimamizi alikuita kazini, picha za mjengo, na mafundi wawili watakaosema mlikuwa pamoja. Mkanganyiko wa kawaida wa Lamu ni huu: mwenye nyumba yuko ng'ambo, kazi kaachiwa fundi mkuu, na fundi mkuu ndiye aliyewakusanya. Basi mwajiri ni nani? Tazama ni nani aliyekuchagua, aliyekulipa, aliyekupangia kazi na aliyeweza kukuambia kesho usije. Ukiwa na shaka, wataje wote wawili.

Sasa saa. Ajali inapaswa kuarifiwa kwa mwajiri mapema iwezekanavyo, hata kwa mdomo. Wewe yako aliiona mwenyewe na akalipa hospitali, basi risiti hiyo ni ushahidi kwamba alijua. Yeye alitakiwa kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7, au saa 24 kama mtu amefariki. Waajiri wengi hawafanyi hivyo. Dai lenyewe liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Umebakiwa na 4. Nenda mwenyewe ofisi ya kazi ya kaunti wiki hii, ukiwa na karatasi za hospitali na kitambulisho, ueleze kwamba mwajiri hakuripoti, na uondoke na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Baadaye daktari atakupima na kutoa asilimia ya ulemavu wa kudumu. Hesabu ni kipato cha miezi 96 mara asilimia hiyo. Tuseme kipato chako cha mwezi kilikuwa shilingi 24,000 na umepewa asilimia 10: 24,000 mara 96 ni 2,304,000, na asilimia 10 yake ni 230,400. Hapo utaona kwa nini mwajiri hupenda kutaja kipato kidogo. Kipato kikiandikwa 12,000, fidia imekatika nusu bila mtu kugusa kiwiko chako. Mbali na hiyo, kuna malipo ya muda ulioshindwa kufanya kazi, ukiwa siku 3 au zaidi, hadi miezi 12.

Mkurugenzi akishaliwasilisha dai kwa mwajiri au bima yake, wana siku 90 za kulipa. Usiporidhika na uamuzi wa Mkurugenzi, pinga kwa maandishi ndani ya siku 60. Akishikilia uamuzi wake, una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Ajira na Leba.

Hapa mui wa Amu hatuna magari mengi, tuna punda. Mwanangu wa miaka 6 alipigwa teke uchochoroni na punda wa kubeba mchanga, akavunjika taya. Mwenye punda asema mnyama hana akili, hashtakiwi. Nami nauliza: na yeye mwenyewe?
*Mama Fulani, Mkomani*

Swali zuri, na jibu liko hapo hapo ndani yake. Punda ni mnyama wa kufugwa, na sheria haimhesabu kuwa hatari kwa asili yake kama ingemhesabu simba. Kwa hiyo kupigwa teke peke yake hakutoshi. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuonyesha kwamba mwenyewe alijua punda huyo ana tabia ya kupiga au kuuma. Majirani waliowahi kupigwa ndio mashahidi wako. Ya pili ni uzembe wa siku hiyo: punda kaachwa bila kamba na mzigo mgongoni kwenye uchochoro ambao watu wawili hawapishani, au kakabidhiwa mtoto mdogo amwendeshe.

Atakwambia mtoto alimchokoza. Mtoto wa miaka 6 hapimwi kwa akili ya mtu mzima, basi hoja hiyo haimfikishi mbali.

Kesi ya mtoto hufunguliwa kupitia mzazi, na ikishafunguliwa, mapatano yoyote hayasimami mpaka mahakama iyakubali. Fedha zake kwa kawaida huhifadhiwa mpaka afike miaka 18. Lakini tukwambie ukweli: mwenye punda wa kubeba mchanga hana bima. Kabla ya kutumia elfu 40 kwa wakili, pima kama ana cha kulipa. Mara nyingi makubaliano ya maandishi ya kugharamia matibabu yote, yakishuhudiwa na wazee wa mtaa, yanamfaa mtoto kuliko hukumu ya kutundikwa ukutani. Usitie saini tu kwamba umeachilia madai yote kabla daktari hajakwambia taya imepona.

Nililala nyumba ya wageni Shela. Ngazi za kwenda darini zilikuwa zimemwagikiwa maji ya tangi, usiku hakuna taa, nikateleza nikavunja kifundo cha mkono. Mlangoni wana kibao: "Mgeni anaingia kwa hatari yake mwenyewe." Kibao kinawaokoa?
*Msomaji wa Malindi*

Hakiwaokoi kirahisi. Sheria ya Dhima ya Wenye Mahali, Sura ya 34, inamtaka anayemiliki au kusimamia mahali amlinde mgeni wake kwa uangalifu wa kadiri, ili awe salama katika shughuli aliyokaribishwa kuifanya. Wewe ulilipa kulala, na dari ni sehemu ya ulichokilipia. Onyo humwokoa mwenye mahali pale tu linapomwezesha mgeni kuwa salama kweli. Kibao cha mlangoni hakikwambii kwamba ngazi ya tatu ina maji. "Ngazi zina maji, pitia upande huu", pamoja na taa, hiyo ndiyo tahadhari.

Tatizo lako ni ushahidi. Maji hukauka na taa hubadilishwa asubuhi. Lazima uonyeshe kuwa walijua au walipaswa kujua: tangi linavuja tangu lini, nani mwingine alilalamika, mhudumu alisema nini. Kama ulipiga picha usiku ule, itunze katika simu hiyo hiyo iliyoipiga, usiitume huku na huku halafu ukaifuta. Na ngazi za nyumba za zamani za Lamu kuwa na mwinuko mkali si kosa kwa lenyewe. Ndivyo zilivyojengwa, na mgeni anaziona. Shikilia maji na giza.

Ubao wa gati la umma ulioza, mguu ukazama, nikachanika vibaya. Ilikuwa miezi 10 iliyopita. Nina miaka 3, sivyo?
*Nahodha*

Sivyo. Anayeshtaki serikali au mamlaka ya mtaa kwa jambo kama hili ana miezi 12 tu, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Mashauri ya Mamlaka za Umma, Sura ya 39. Usijaribu kubishana kama kaunti ni "mamlaka ya mtaa" au la, hesabu 12. Umebakiwa na 2.

Anza kwa kujua gati liko chini ya nani, kaunti au shirika la serikali ya kitaifa, na kama huna hakika wajumuishe wote. Sheria pia ilitaka notisi ya siku 30 kabla ya kesi. Mahakama Kuu iliwahi kusema sharti hilo linapingana na Katiba, lakini barua moja haikugharimu kitu, ipeleke kesho. Ujue mapema pia kwamba mali ya serikali haikamatwi na madalali wa mahakama. Ukishinda unapewa cheti cha amri na unangojea malipo, na kungojea huko kunaweza kuwa kurefu kuliko kesi.

Ndugu yetu, mvuvi wa Ngomeni, aligongwa na lori karibu na Gongoni akafa. Ameacha wake wawili, watoto 5, mama mzazi, na sisi ndugu zake watatu. Nani anashtaki, na fedha zitagawanywa kwa mirathi ya Kiislamu?
*Kaka wa marehemu*

Mungu amrehemu. Hapa kuna madai mawili ndani ya kesi moja, na kuyachanganya ndiko kunakoleta ugomvi wa familia.

La kwanza ni la waliomtegemea, chini ya Sheria ya Ajali za Kifo, Sura ya 32. Wanaohesabiwa ni mke, mume, mzazi na mtoto. Wake wote wawili wamo, watoto wote 5 wamo, mama yumo. Ninyi ndugu hamumo, hata kama alikuwa akiwalipia kodi. Majina na umri wao wote uandikwe katika hati ya madai tangu mwanzo, kwa sababu kesi hii hufunguliwa mara moja tu. Mke mmoja akikimbilia kwa wakili wake peke yake akamwacha mwenzake nje, amewaponza wote. Muda ni miaka 3 tangu kifo.

Hesabu ya kawaida ni kipato cha mwezi, mara 12, mara miaka ambayo mahakama inaona angeendelea kufanya kazi, mara sehemu aliyokuwa akiitumia kwa familia. Kwa mwenye wake na watoto sehemu hiyo mara nyingi ni theluthi mbili. Kipato cha 20,000 kwa miaka 15 kinatoa 2,400,000. Kwa mvuvi, kipato hutoka katika daftari la BMU (kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo), la tajiri aliyekuwa akinunua samaki wake, au M-Pesa. Fedha za fungu hili mahakama huzigawa kwa kutazama nani alimtegemea kiasi gani. Si mirathi.

La pili ni la marehemu mwenyewe, chini ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26: maumivu aliyoyapata kabla ya kufa na umri uliokatizwa. Fungu hili huwa dogo, na hilo ndilo linaloingia katika mali yake na kugawanywa kwa warithi kwa sheria ya dini. Ili kulidai, mtu lazima awe amepata hati ya usimamizi yenye mipaka ya kufungulia kesi, kabla ya kufungua kesi. Ukifungua kwanza ukaenda kutafuta hati baadaye, sehemu hiyo ya kesi imekufa tangu ilipozaliwa.

Msingojee kesi ya trafiki ya dereva iishe. Akipatikana na hatia itawasaidia sana, lakini kesi hizo hujivuta, na miaka 3 haimngojei mtu.

Nikiwa bado wodini alinijia bwana mmoja akasema ana wakili, nisilipe chochote, tukishinda nusu kwa nusu. Nikatia saini karatasi tupu. Nifanyeje?
*Msomaji, Malindi*

Karatasi tupu ifuate leo. Andika barua kwa wakili huyo, si kwa yule dalali aliyekujia wodini, uombe nakala ya kila ulichotia saini, na useme hakuna kitakachojazwa bila idhini yako. Makubaliano kwamba wakili alipwe tu mkishinda, kwa kugawana fidia, Sheria ya Mawakili haiyatambui, wala hairuhusiwi kutuma watu wodini kusaka wateja. Karatasi hatari kuliko zote ni hati ya kukiri malipo: bima huilipa kesi kwa karatasi hiyo, na iliyo tupu inaweza kujazwa kiasi usichokijua. Una haki ya kubadilisha wakili, na ukilipwa una haki ya kuonyeshwa bima ilileta kiasi gani na kilikatwa nini.

Dai langu ni dogo, mchubuko na bega lililoteguka. Lazima wakili?
*Mwendesha tuktuk, Kisumu Ndogo*

Si lazima. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1, majeraha ya mwili yakiwemo, unaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka shauri liishe ndani ya siku 60. Uliza masijala ya mahakama iliyo karibu nawe inakosikilizwa.

Siku 60 ni chache, basi ingia ukiwa umekamilika: ripoti ya daktari mkononi, rekodi ya umiliki, abstrakti, risiti zimepangwa kwa tarehe, na notisi kwa bima imeshapokelewa. Uliza pia mapema kama daktari atakuja mwenyewe kutoa ushahidi na atataka malipo gani. Kwa bega lililoteguka, malipo hayo yanaweza kula sehemu kubwa ya utakachopata, kwa hiyo upande wa pili ukikubali ripoti iingizwe bila yeye kuitwa, kubali haraka.